Je, Muislamu Anaweza Kumlea Mtoto Asiyemzaa? Safari ya Kafala Kutoka Makka Hadi Kahawa Sukari



Ndugu msomaji, kila Ramadhan vijana wetu hukusanya unga, mchele na tende, wakapeleka futari kwenye makao ya mayatima. Alhamdulillah, hayo ni mema, na Allah (S.W.T.) awalipe. Lakini futari ikiisha sisi tunarudi makwetu na watoto wanabaki pale pale. Kuna swali ambalo wengi wetu hatupendi kuulizwa: kwani hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kuja kuishi nyumbani kwetu?

Uliza swali hilo hapa Kahawa Sukari, baada ya taraweh au ndani ya matatu za barabara ya Thika, na jibu utakalopewa ni fupi. "Kuasili mtoto ni haramu, bwana." Mazungumzo yanaishia hapo. Makala haya yanataka kuyaendeleza pale yanapoishia. Tukifuata historia yenyewe, ya Uislamu na ya nchi yetu, tutaona kwamba kilichokatazwa ni kitu kimoja, nacho ni kumfuta mtoto asili yake. Kumchukua, kumlisha, kumpenda na kumsomesha hakukukatazwa kamwe. Kumehimizwa.

YATIMA WA MAKKA

Tuanze na Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) mwenyewe. Baba yake, Abdullah, alifariki kabla yeye hajazaliwa. Alinyonyeshwa na Bibi Halima wa Bani Saad, mbali na mji wa Makka. Alipokuwa na miaka sita mama yake, Bibi Amina, akafariki njiani pale Abwaa. Babu yake Abdul Muttalib akamchukua, naye akafariki mtoto akiwa na miaka minane. Kisha akalelewa na ami yake Abu Talib na mkewe Bibi Fatima bint Asad, katika nyumba ambayo haikuwa na mali nyingi.

Hebu hesabu hapo ni mikono mingapi. Mtume wetu alipita katika nyumba nne kabla hajawa kijana. Na alipokuwa mtu mzima, ukame ukamkaba Abu Talib na watoto wake wengi, yeye na ami yake Abbas walikwenda wakagawana mzigo. Mtume (s.a.w.) akamchukua Ali (r.a.), na Abbas akamchukua Jaafar (r.a.). Mtoto wa ndugu alihamia nyumba nyingine bila kubadilishwa jina. Aliendelea kuwa Ali bin Abi Talib mpaka leo tunapomtaja.

Na neno lenyewe kafala si geni katika Qur'ani. Katika Surat Aal Imran tunasoma jinsi Maryam alivyowekwa chini ya ulezi wa Nabii Zakariya. Katika Surat al-Qasas, dada yake Musa anawaonyesha watu wa Firauni nyumba ya kumlea mtoto mchanga. Sehemu zote mbili limetumika neno la mzizi huo huo, wenye maana ya kumdhamini mtu na kubeba jukumu lake. Anayebeba jukumu hilo huitwa kafili.

KISA CHA ZAYD

Sasa tuje kwenye kisa ambacho ndicho asili ya neno "haramu" tunalolisikia. Zayd bin Haritha (r.a.) alikuwa mtoto wa kabila la Kalb. Alitekwa na wavamizi akiwa mdogo, akauzwa katika soko la Ukadh, akafika mikononi mwa Bibi Khadija (r.a.), naye akampa mumewe. Miaka ikapita. Baba yake, Haritha, aliyekuwa akimtafuta kwa machozi, akapata habari zake na akafika Makka na fidia mkononi.

Mtume (s.a.w.) hakutaka fidia. Alisema Zayd aitwe, achague mwenyewe. Zayd akachagua kubaki. Hapo Mtume (s.a.w.) akatoka naye mpaka kwenye Al-Kaaba, akatangaza mbele ya watu kwamba huyu ni mwanawe, wanarithiana. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya Waarabu, na tangu siku hiyo akaitwa Zayd bin Muhammad.

Kisha, katika mji wa Madina, zikateremka aya za Surat al-Ahzab. Aya ya 4 ikaeleza kwamba mtoto wa kupanga hageuki kuwa mwana wa kuzaa kwa sababu tu ya maneno ya mdomoni. Aya ya 5 ikaagiza watoto hao waitwe kwa majina ya baba zao. Tena aya hiyo haikumsahau yule asiyejulikana baba yake. Yeye ni ndugu yenu katika dini na ni mtu wenu wa karibu. Zayd akarudia jina la Haritha.

Je, alifukuzwa nyumbani? Hata! Aliendelea kuitwa kipenzi cha Mtume (s.a.w.). Alikabidhiwa majeshi, akafa shahidi akiongoza vita vya Mu'ta mwaka wa 8 Hijria. Mwanawe Usama (r.a.) alipewa uamiri wa jeshi akiwa kijana wa miaka kama kumi na minane tu. Na jina la Zayd ndilo jina pekee la sahaba lililotajwa ndani ya Qur'ani. Aliyerudishiwa jina la baba yake hakupoteza hata chembe ya mapenzi. Hiyo ndiyo tafsiri ya aya kwa vitendo.

MTOTO WA KUOKOTWA WAKATI WA SAYYIDNA UMAR

Kisa cha pili hakisimuliwi sana misikitini, na kumbe ndicho kinachotuhusu zaidi sisi wa mijini. Imam Malik amekipokea katika Muwatta. Zama za ukhalifa wa Umar bin al-Khattab (r.a.), mtu mmoja wa Bani Sulaym, Sunayn Abu Jamila, aliokota mtoto mchanga aliyetupwa. Hakumficha. Alimpeleka kwa Khalifa.

Umar (r.a.) akamhoji: kwa nini umemchukua? Akajibu kwamba alimkuta amepotea akamwokota. Umar hakutosheka. Msimamizi wa watu wake akasimama kutoa ushahidi kwamba huyu ni mtu mwema. Hapo Khalifa akaamua mambo matatu: mtoto ni huru, hakuna wa kumfanya mtumwa, huyu bwana ndiye atakayemlea, na matumizi yake yatatoka kwa serikali.

Ndugu msomaji, soma tena. Mlezi anahojiwa. Anatolewa ushahidi wa tabia. Haki ya mtoto inatangazwa. Serikali inachangia gharama. Haya tunayoyaita leo malezi ya kambo, ambapo afisa wa watoto anakuja kukagua nyumba yako na kuuliza majirani, Umar (r.a.) aliyafanya zaidi ya miaka 1,370 iliyopita!

Wanazuoni wakalifanyia jambo hili mlango wake katika fiqhi, mlango wa laqit, yaani mtoto wa kuokotwa. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu cha madhehebu ya Shafii kilichosomeshwa vizazi na vizazi katika pwani yetu, anasema kumwokota mtoto aliyetupwa ni faradhi ya kifaya. Wote mkimwacha, wote mna dhambi. Na mwokotaji anatakiwa aweke mashahidi, ili kesho asije akadai mtoto ni mtumwa wake au kumficha asili yake.

HUKU KWETU ILIKUWAJE?

Tusidhani watu wa bara walingoja serikali iwafundishe kulea. Kwa Wagikuyu, ambao ndio wenyeji wa Ruiru na Thika, mtu asiye wa ukoo aliweza kuingizwa ndani ya mbari kwa kuchinjiwa mbuzi, na hilo wao huliita kuzaliwa na mbuzi, guciarwo na mburi. Pwani nako, mtoto kulelewa na shangazi, khalati au nyanya lilikuwa jambo la kawaida kabisa, bila karatasi wala hakimu.

Kisha mambo yakavunjika. Serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari Oktoba 1952. Kuanzia 1954 zaidi ya watu milioni moja wa nchi ya Wagikuyu walihamishwa kwa nguvu na kuwekwa katika vijiji vya lazima, na Kiambu ilikuwemo. Wanaume wako kizuizini au msituni, kina mama wanachimba mitaro, na watoto wengi wakabaki bila wa kuwaangalia. Hapa Kahawa palikuwa na kambi ya jeshi la Waingereza, Templer Barracks, ambayo mwaka 1965 ilikabidhiwa serikali ya Kenya na leo ndipo palipo Chuo Kikuu cha Kenyatta. Ni katika miaka hiyo ya hali ya hatari, mwaka 1955, ndipo ilipoanzishwa Child Welfare Society of Kenya, ambayo mpaka leo inashughulikia watoto waliotengana na wazazi wao.

Kuhusu sheria, Uingereza ilipata sheria yake ya kwanza ya kuasili watoto mwaka 1926, na mfumo huo ukaletwa Kenya. Baada ya uhuru sheria hiyo ilijulikana kama Sura ya 143. Msingi wake ni kwamba mahakama ikishatoa amri, mtoto anahesabiwa kana kwamba amezaliwa na wale waliomchukua. Uhusiano na wazazi wa kwanza unakatwa, na anarithi kama mtoto wa tumboni. Hapo ndipo Waislamu wengi wakarudi nyuma. Na kweli walikuwa na sababu, manake mlango uliofunguliwa ulikuwa ule ule aliofungiwa Zayd.

Shida ni kwamba hatukudai mlango wetu. Tuliendelea kuwachukua watoto wa ndugu kimya kimya, bila karatasi. Tukajenga makao ya mayatima, na ni kazi ya kusifiwa. Young Muslim Association, kwa mfano, imelea na kusomesha watoto wengi pale Garissa. Ukimwi ukaja, ukatangazwa janga la taifa mwaka 1999, na mabibi wakajikuta wanalea wajukuu bila msaada. Makao yakazidi kujaa. Lakini makao, hata yakiwa mazuri namna gani, hayana mama wa kumjua mtoto mmoja mmoja usiku anapolia.

MIAKA 32 YA KUNGOJA

Mwaka 1989 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Mtoto. Kifungu cha 20 kinataja njia za kumtunza mtoto aliyekosa familia, na ndani yake imetajwa kafala ya sheria ya Kiislamu, kwa jina lake. Kenya iliridhia mkataba huo mwaka 1990.

Sheria ya Watoto ya 2001, iliyoanza kutumika Machi 2002, iliweka pamoja sheria za watoto zilizokuwa zimetawanyika. Ilieleza kuasili na malezi ya kambo, na iliagiza kwamba mtoto ambaye dini yake inajulikana akipelekwa kwa walezi wa kambo, wawe ni wa dini yake au waahidi kumlea katika dini hiyo. Lakini kafala haikupewa nafasi yake. Mwongozo wa serikali wa mwaka 2014 kuhusu malezi mbadala ndio ulioitambua kafala kama njia mojawapo. Mwishowe Sheria ya Watoto ya 2022, iliyoanza kutumika Julai mwaka huo, ikaiweka kafala ndani ya sheria ya nchi. Inaeleza kuwa ni kumchukua mtoto aliyekosa malezi ya wazazi au familia, na anayemchukua awe ni Muislamu mwenye uwezo wa kumtunza.

Kutoka 1990 hadi 2022 ni miaka 32. Mtoto aliyeingia makaoni akiwa mchanga mwaka ule mkataba ulipoidhinishwa, leo ni mtu mzima mwenye watoto wake. Yeye hakufaidika. Swali ni hawa wa leo.

NJIA TATU, USIZICHANGANYE

1. Malezi ya kambo. Mtoto anakaa kwako kwa muda, chini ya usimamizi wa idara ya watoto. Wewe ni mlezi, si mzazi wa kisheria. Hali ya kwao ikitengenea anaweza kurudi. Hakuna kinachogongana na dini hapa.

2. Kuasili. Mahakama inamfanya mtoto kuwa wako moja kwa moja. Sheria ya 2001 ilitaka mtoto awe ametimiza angalau wiki sita na ametangazwa na shirika lililosajiliwa kuwa anaweza kuasiliwa, akae na waombaji miezi mitatu mfululizo, na mwombaji awe amemzidi kwa miaka 21 au zaidi. Jina na mirathi ndiyo mambo yanayomgusa Muislamu.

3. Kafala. Unambeba mtoto kikamilifu: chakula, shule, matibabu, adabu na mapenzi. Asili yake inabaki yake.

Kwa familia ya Kahawa Sukari safari inaanzia kwa afisa wa watoto wa Ruiru au Thika. Na ukimkuta mtoto ametupwa, mpeleke kituo cha polisi au kwa chifu, au piga 116, simu ya bure ya kusaidia watoto. Usimpeleke nyumbani ukanyamaza hata kama nia yako ni safi. Mwaka 2020 BBC ilifichua biashara ya watoto wachanga jijini Nairobi, na tangu hapo kila mtu anajua mtoto asiye na karatasi anaweza kuwa ni mtoto aliyeibwa, na mama yake yuko mahali analia. Hayo ndiyo aliyoyachunga Imam Nawawi aliposema weka mashahidi.

MASWALI YANAYOULIZWA SANA

Ataitwa nani? Kama baba yake anajulikana, ataitwa kwa jina la baba yake. Kama hajulikani, atapewa jina jema, lakini usijiandike wewe kuwa baba yake wa kumzaa. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 53, imempa kila mtoto haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa. Kwa hiyo shughulikia cheti chake mapema, usingoje mpaka siku ya kujiandikisha kwa mtihani.

Atakuwa maharimu? Kulea peke yake hakuleti umaharimu. Kunyonya kunaleta. Kwa madhehebu ya Shafii ni mara tano na zaidi, kabla mtoto hajatimiza miaka miwili. Kama mama mlezi hana maziwa, dada yake akimnyonyesha mtoto wa kiume, mama mlezi anakuwa khalati yake wa ziwa. Na mtoto wa kike akinyonyeshwa na dada wa mume, mume anakuwa mjomba wake wa ziwa. Ndiyo maana familia nyingi huona ni wepesi kumchukua mtoto akiwa bado mdogo. Akiwa amepita umri huo, bado unaweza kumlea. Mtachunga tu mipaka ya hijabu atakapobaleghe.

Atarithi? Sheria ya Urithi ya Kenya, kwa mabadiliko ya 1990, imewaacha Waislamu warithiane kwa sheria yao. Kwa hiyo mtoto wa kafala hana fungu. Lakini ni nani aliyekuzuia kumwandikia wasia? Unaruhusiwa mpaka thuluthi moja ya mali, na kwa kuwa yeye si mrithi, wasia wake unapita. Unaweza pia kumpa zawadi ukiwa hai. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunasema "nitaandika kesho", tunakufa, halafu siku ya tatu ya matanga mtoto aliyelelewa miaka kumi na tano anaambiwa na watoto wa ami afungashe. Hiyo si sharia, jamani. Huo ni uvivu wetu, na mtoto ndiye anayeulipa.

Aambiwe ukweli? Ndiyo, na mapema, kwa maneno ya umri wake. Zayd alimjua baba yake na bado akachagua kukaa. Mtoto anayeambiwa na majirani yale ambayo nyumbani yamefichwa huumia mara mbili.

KULEA NI KAZI

Wahenga wamesema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Usimchukue mtoto kwa sababu ya hotuba moja ya Ramadhan. Mtoto aliyeachwa anaweza kuwa na usiku wa kulia, hasira, kuficha chakula chini ya mto, na ugumu wa kumwamini mtu. Zungumza na mume wako au mke wako. Zungumza na watoto wako. Muulize sheikh unayemwamini, na umuulize afisa wa watoto, kila mmoja kwa fani yake.

Na vijana ambao hamjaoa, msiseme "haya ni ya wazee". Mnaweza kuisaidia familia iliyokubali: karo, maziwa, bima ya matibabu, nauli ya kwenda mahakamani. Umar (r.a.) hakumwambia Sunayn abebe peke yake. Msikiti ukiwa na hazina ya kafala, basi yule mwalimu wa madrasa mwenye moyo mkubwa na mfuko mdogo naye ataweza.

Mtume (s.a.w.) amefundisha, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, kwamba yeye na mwenye kumlea yatima watakuwa karibu Peponi kama vidole viwili, akavionyesha cha shahada na cha kati. Tumeisikia mara nyingi mpaka tumeizoea. Mwaka huu, baada ya Idd, keti na familia yako ujiulize swali moja tu: je, tunayo nafasi ya kitanda kimoja?

Ewe Mola, wape mayatima wa Thika, wa Ruiru na wa kila mahali walezi wanaokuogopa, na uzifanye nyumba zetu kuwa nyumba ambazo yatima anafanyiwa wema ndani yake. Amin.

Wabillahi tawfiq.